Tovuti Mpya Haipandi Kileleni kwa Siku Moja

Miongoni mwa mambo yanayozitatiza jamaa nyingi za askari na polisi siku hizi ni hili la tovuti. Mzee aliyemaliza utumishi wake hupokea kiinua mgongo, akafungua duka la vifaa vya ujenzi. Mke wa konstebo hushona gomesi na sare za shule, akatamani wateja walio nje ya lango la kambi wamjue. Wote wawili huambiwa kwamba biashara isiyo na tovuti imelala usingizi. Nao hujinyima, humlipa fundi, na tovuti hutengenezwa. Kumbe wakiitafuta katika Google hawaioni, si katika ukurasa wa kwanza wala wa kumi. Hapo ndipo hujitokeza mtu mwenye maneno matamu na kusema, "Nipeni fedha, nami nitaifanya iwe ya kwanza kabla ya juma kwisha."

Ndugu msomaji, ahadi hiyo ni ya bure. Kampuni ya Google yenyewe imeandika waziwazi katika mwongozo wake kwa wenye tovuti kwamba hakuna mtu awezaye kudhamini nafasi ya kwanza, na kwamba yenyewe haipokei malipo ili kuipandisha tovuti katika matokeo yake ya kawaida. Anayefahamu jinsi kazi hiyo inavyofanyika atazilinda fedha za nyumba yake. Ndiyo sababu yafaa tuieleze hapa hatua kwa hatua.

ASILI YA UPANGAJI

Tovuti ya kwanza duniani ilifunguliwa mwaka 1991 na Mwingereza Tim Berners-Lee, katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na mji wa Geneva, Uswisi. Mwanzoni tovuti zilikuwa chache, hata mtu aliweza kuziorodhesha kwa mkono. Ndivyo walivyofanya Jerry Yang na David Filo, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, walipoanza mwaka 1994 orodha iliyokuja kuitwa Yahoo. Tovuti zilipozidi kuongezeka, orodha ya mkono ilielemewa, ikabidi mashine ndizo zisome na kupanga.

Lakini mashine za awali zilitegemea mno maneno yaliyomo katika ukurasa. Mjanja aliyelirudia neno "viatu" mara mia aliweza kumpita mwenye duka la viatu la kweli. Mwaka 1996, Larry Page na Sergey Brin, nao wakiwa wanafunzi wa Stanford, walianza utafiti uliozaa Google, kampuni iliyoundwa mwaka 1998. Wazo lao waliliita PageRank, nalo lilitokana na desturi ya wanachuoni: kitabu kinachotajwa na wanachuoni wengi huhesabiwa kuwa na uzito. Kadhalika, ukurasa mmoja unapoweka kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye ukurasa mwingine, ni kana kwamba umeutolea ushahidi.

Wala mashahidi wote hawalingani. Ukurasa ambao wenyewe umeshuhudiwa na wengi, ushahidi wake huwa mzito kuliko ule wa ukurasa usiojulikana na yeyote. Askari polisi anayepima maneno ya mashahidi atalielewa jambo hili upesi. Leo Google hutazama dalili nyingine nyingi, lakini msingi huo wa ushahidi haujatupwa.

HATUA TATU

Kabla ya tovuti yoyote kuonekana, hapana budi ipitie hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kugunduliwa. Mitambo ya kutafutia ina programu zinazozunguka katika intaneti mchana na usiku mithili ya askari wa doria, zikifuata kiungo kimoja hadi kingine. Tovuti isiyo na kiungo chochote kutoka nje ni kama nyumba isiyo na njia. Doria yaweza kupita mbali nayo kwa muda mrefu.

Hatua ya pili ni kuandikwa katika fahirisi, yaani daftari kubwa la mtambo. Mtu anapotafuta, mtambo hauzunguki intaneti yote papo hapo. Hufungua daftari lake. Ukurasa usiomo humo hauwezi kuonekana, hata uwe mzuri namna gani. Na si kila ukurasa unaogunduliwa huandikwa: ule unaorudia maneno ya kurasa nyingine, au usio na habari ya maana, waweza kuachwa.

Hatua ya tatu ndiyo kupangwa. Hapa mtambo huuliza: je, ukurasa huu unajibu swali lililoulizwa? Je, wengine wanauamini? Je, unafunguka vizuri? Mwaka 2014 Google ilitangaza kwamba inaipa uzito kidogo tovuti yenye ulinzi, ile ambayo anwani yake huanza na herufi https. Mwaka 2015 ikaanza kuzipendelea kurasa zinazosomeka vyema kwa simu ya mkononi pale mtu anapotafuta kwa simu. Kwa mfanyabiashara wa kwetu, ambaye wateja wake wengi hushika simu, hilo si jambo la kupuuzwa.

KWA NINI MGENI HUCHELEWA

Tovuti mpya ni mgeni kijijini. Haina mashahidi, haina historia, nayo hukuta wenyeji waliotangulia miaka mingi. Kugunduliwa peke yake huweza kuchukua siku kadhaa au majuma kadhaa. Kupanda juu huchukua muda mrefu zaidi: mwongozo wa Google huwaambia wenye tovuti kwamba kazi ya kuziboresha kwa kawaida huhitaji miezi minne hadi mwaka mmoja ndipo manufaa yaonekane.

Mwaka 2017 kampuni ya Ahrefs ya Singapore, inayochunguza mambo haya, ilitoa matokeo ya uchunguzi wake. Ilikuta kwamba katika kila kurasa 100 mpya, ni 5.7 tu zilizofika katika nafasi kumi za kwanza, angalau kwa neno moja, kabla ya mwaka kwisha. Kwa hiyo mtu asivunjike moyo mwezi wa pili, wala asimwamini anayemwahidi juma moja.

HILA NA ADHABU YAKE

Wapo wanaotaka kufupisha njia kwa kununua mashahidi wa uongo: hulipia viungo mamia kutoka tovuti zisizo na maana. Mambo haya yamewafedhehesha hata wakubwa. Mwaka 2006 Google iliiondoa katika matokeo yake tovuti ya kampuni ya magari ya BMW ya Ujerumani, kwa kuwa ilitumia kurasa zilizotengenezwa kuuhadaa mtambo. Mwaka 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba viungo vya kulipiwa vilikuwa vimelipandisha duka kubwa la JCPenney la Marekani. Google ikalishusha mbali. Mwaka 2012 ikatoa mpango mpya, uitwao Penguin, wa kuzipunguzia nafasi tovuti zenye viungo vya namna hiyo.

Kampuni kubwa huweza kuajiri wataalamu wa kurekebisha mambo. Lakini fundi cherehani aliyetumia akiba yake yote kununulia viungo atabaki na tovuti yenye doa, na mkono mtupu.

YANAYOWEZA KUFANYWA NYUMBANI

Kwanza, hakikisha tovuti imeandikwa katika daftari. Katika kisanduku cha kutafutia cha Google, andika site: kisha, bila kuacha nafasi, jina la tovuti yako. Ikiwa hakuna kinachotokea, yumkini haimo. Mara nyingi kosa ni la fundi: wakati wa ujenzi huweka amri ya noindex, inayoukataza mtambo kuuandika ukurasa, naye husahau kuiondoa. Mwulize jambo hili kabla ya kummalizia malipo.

Pili, jiandikishe katika Google Search Console, chombo kisicholipiwa. Humo waweza kupeleka ramani ya tovuti, kuona kurasa zipi zimeandikwa na zipi zimekataliwa, na maneno gani yaliyowaleta wasomaji. Anwani ya kuingilia na nywila yake viwe mkononi mwako, visiwe vya fundi peke yake.

Tatu, andika maneno ambayo mteja wako hutumia. Ukishindania neno "nguo" utakutana na maduka ya dunia nzima. Lakini "mshonaji wa gomesi Jinja" ni uwanja mdogo, na mgeni aweza kupata mahali. Eleza bei, vipimo, siku za kungoja, aina za vitambaa. Andika mwenyewe, usinakili kwa jirani.

Nne, tafuta mashahidi wa kweli. Shule inayonunua sare zako, kanisa au msikiti uliowashonea wanakwaya au wanafunzi wa madrasa, chama cha akiba na mikopo ambacho wewe ni mwanachama: wenye tovuti kati yao waweza kukutaja. Kiungo kimoja cha namna hiyo kina heshima kuliko mia za kununuliwa.

Tano, fungua wasifu wa biashara katika Google, ambao nao haulipiwi, ili uonekane kwa watu wanaotafuta karibu nawe. Hapa tahadhari kubwa yahitajika. Anayefanyia kazi katika makazi ya kambi asiweke anwani yake katika ramani. Wasifu huo humruhusu mtu kuificha anwani na kutaja tu eneo analolihudumia. Picha za kambi, za magari ya kazi au za watu waliovaa sare za jeshi na polisi zisiwekwe kamwe. Biashara ya nyumba moja isije ikawa dirisha la kuchungulia usalama wa wengi.

NENO KWA ANAYETAFUTA

Aidha, sisi tunaotafuta tukumbuke kwamba kuwa juu si ushahidi wa uaminifu. Mara nyingi vinavyotangulia ni matangazo ya kulipiwa, nayo huwekewa alama ya kuyatambulisha. Tapeli mwenye fedha aweza kununua tangazo. Kijana anayetafuta habari za kuandikishwa kazi, au mjane anayefuatilia malipo ya marehemu mumewe, asome kwanza anwani ya tovuti, kisha aulize katika ofisi inayohusika kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Na atakapokuja mwenye kuuza nafasi ya kwanza, aulizwe maswali matatu: Utafanya nini hasa katika tovuti yangu? Viungo utavipata wapi? Nitaonaje maendeleo katika Search Console? Fundi wa kweli atajibu kwa utulivu, na atataja miezi. Akitaja siku, fedha na zibaki kabatini.