Kiduara Chekundu cha Mwezi Machi

Katika daftari la mahudhurio la kidato cha kwanza nililolipitia mwaka jana, msichana mmoja alikuwa na vistari vya buluu Januari yote na Februari yote. Machi vikaanza viduara vyekundu: kimoja, viwili, kisha wiki nzima. Mwisho wa mwezi mwalimu wa darasa alijumlisha, akaandika asilimia chini ya ukurasa, akapeleka ofisini. Hesabu ilikuwa sahihi. Hakuna aliyemuuliza yule mtoto kulikoni.

Mimi ni mtu wa takwimu za elimu, na kila Januari watu huniuliza habari za matokeo ya kidato cha nne. Ni takwimu kubwa, lakini watahiniwa wameshaondoka shuleni tangu Novemba. Aliyefeli zinamkuta nyumbani. Ndiyo maana napenda kuwasimulia walimu kisa cha Chicago, Marekani.

Shule za umma za jiji hilo zilipoteza vijana wengi mno kabla ya kuhitimu, na sababu zilizotajwa ni umaskini, magenge na familia zilizovurugika. Sababu hizo ni za kweli, ila mwalimu anayeingia darasani Jumatatu asubuhi hana pa kuzishika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, wakiwemo Elaine Allensworth na John Easton, wakageukia yale ambayo shule zenyewe zilikuwa zikiyaandika kila siku. Mwaka 2005 walitoa ripoti kuhusu kipimo chepesi cha kushangaza. Mwanafunzi anayemaliza mwaka wa kwanza wa sekondari yao ya miaka minne anahesabiwa yuko njiani ikiwa amefaulu masomo ya kutosha kuvuka darasa, na hajafeli zaidi ya somo moja la msingi kwa muhula mmoja. Aliyekuwa njiani alikuwa na uwezekano wa kuhitimu kwa wakati mara 3.5 ya mwenzake aliyetoka njiani.

Ripoti iliyofuata, ya mwaka 2007, ndiyo iliyonigusa zaidi. Katika kutabiri nani atafeli masomo mwaka huo wa kwanza, mahudhurio yalikuwa na nguvu mara nane kuliko alama za mtihani alizokuja nazo mtoto kutoka shule ya msingi. Mwenye akili nyingi aliyekosa wiki mbili katika muhula alikuwa hatarini kuliko mwenye alama duni aliyekosa wiki moja. Ukiwa mwalimu, soma sentensi hiyo mara mbili. Alama alizokuja nazo mtoto huwezi kuzibadilisha, lakini utoro unaweza kuuwahi.

Jiji likaanza kuzipa shule orodha za majina ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaohitaji kuangaliwa, muhula ukiwa bado unaendelea. Walimu walikaa mezani, wakagawana majina, kila mmoja akajua nani wake. Kati ya mwaka 2007 na 2013, walio njiani walipanda kutoka asilimia 57 hadi 82. Wapo waliohofu kwamba walimu wanagawa alama za huruma. Watafiti walifuatilia, na katika shule zilizotangulia kubadilika, wahitimu nao waliongezeka.

Kuhitimu si mwisho wa safari. Chicago ilianza pia kufuatilia vijana wake baada ya kutoka, nani kaingia chuo na nani kabaki mtaani, na hapo likaonekana shimo jingine. Walikuwepo vijana waliokwishakubaliwa na vyuo ambao hawakufika, na wale waliokamilisha fomu ya serikali ya kuomba msaada wa ada walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kujiunga. Yaani fomu tu! Mshauri wa shule akijua ni nani hajaijaza, anaweza kuketi naye mchana mmoja wakaimaliza.

Lakini orodha ya majina ni kitu cha kuogopa ikiangukia mikono isiyo yake. Huko Florida, ofisi ya sherifu wa kaunti ya Pasco ilitumia alama na mahudhurio ya wanafunzi kutengeneza orodha ya watoto iliowadhania watakuwa wahalifu. Gazeti la Tampa Bay Times lilifichua jambo hilo mwaka 2020. Daftari lilelile, kiduara kilekile, lakini mtoto anasubiriwa na polisi badala ya mwalimu. Kwa hiyo nikiombwa ushauri na shule, kabla ya kugusa kompyuta nauliza orodha itasomwa na nani, na akishaisoma atafanya nini.

Kwa mwalimu yule wa daftari tulikubaliana jambo moja: kiduara cha tatu ndani ya wiki mbili, anapiga simu nyumbani siku hiyohiyo. Ya kwanza ilikuwa kwa msichana wa Machi. Ilipokelewa na bibi. Mama alikuwa mgonjwa, na mjukuu ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumpikia uji kila asubuhi. Akichelewa, aliona haya kuingia darasani, akarudi nyumbani. Mwalimu akamwambia bibi, "Shikamoo mama, mwambie aje tu, hata saa mbili na nusu." Mwenzake wa dawati moja akapewa kazi ya kumwandikia notisi za kipindi cha kwanza.