NAFUU ZA KODI NA RUZUKU KWA MAGARI YA GESI NA UMEME: YAPASA CHAMA CHA MSINGI KIJUE NINI?

Mkulima wa Rangwi anapofunga gunia lake la kabichi au viazi mviringo, bei ya gunia hilo huwa imekwisha kupunguzwa kabla halijapakiwa. Gari litapita barabara ya mlimani hadi Lushoto, litateremka kona za Soni hadi Mombo, na kutoka hapo litasafiri zaidi ya kilomita 300 hadi masoko ya Dar es Salaam. Kila lita ya dizeli inayoungua njiani hulipwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mkulima mwenyewe. Kwa hiyo habari za nishati mbadala na nafuu za kodi si mambo ya watu wa mjini peke yao. Zinamhusu mwanachama, na zinamhusu katibu atakayeulizwa katika Mkutano Mkuu kwa nini chama kisinunue gari la gesi au pikipiki ya umeme.

Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu lenye hesabu. Makala hii inaeleza aina za nafuu zilizopo, namna zinavyofanya kazi, na mambo ya kupimwa kabla fedha ya wanachama haijatoka.

JAMBO HILI SI GENI

Wazee wa ushirika hawajasahau mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafuta yalipokuwa haba na magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Wakati huo nchi ilikuwa imekwisha kugundua gesi asilia yake yenyewe, kwanza Songo Songo mwaka 1974, kisha Ghuba ya Mnazi, Mtwara, mwaka 1982. Hata hivyo gesi ya Songo Songo haikufika Dar es Salaam hadi mwaka 2004, nayo ilipelekwa kwanza kuzalisha umeme na kuendesha viwanda. Bomba kubwa la kutoka Mtwara lilizinduliwa mwaka 2015. Hatua kwa hatua gesi asilia iliyoshindiliwa ikaanza kutumika katika magari jijini Dar es Salaam, ambako teksi, bajaji na magari ya watu binafsi yamefungwa mitungi.

AINA NNE ZA NAFUU

Neno "nafuu" hutumika kwa mambo yasiyofanana, na kuyachanganya ndiko kunakozaa hasara. Katibu hana budi kuyatenganisha.

Ya kwanza ni kupunguzwa au kuondolewa kwa kodi wakati chombo kinapoingia nchini. Gari huweza kutozwa ushuru wa forodha, ambao kwa magari mengi chini ya utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 25, pamoja na ushuru wa bidhaa, na kodi ya ongezeko la thamani ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Kodi hizi hupandiana: ya mwisho hukokotolewa juu ya thamani ambayo tayari imebeba zile za mwanzo. Ndiyo maana kuondolewa kwa moja tu huweza kushusha bei kwa kiasi kikubwa.

Ya pili ni adhabu kwa chombo kichafu, ambayo ni nafuu iliyogeuzwa upande wa pili. Magari ya abiria yenye umri wa miaka 8 na zaidi hutozwa ushuru wa ziada yanapoingizwa nchini. Nia yake ni kumvuta mnunuzi kwenye gari jipya zaidi lenye moshi mchache.

Ya tatu ni ruzuku, yaani fedha ya umma inayolipa sehemu ya bei. Mfano ulio karibu na wanachama ni ule wa majiko. Wakala wa Nishati Vijijini umekuwa ukigawa mitungi ya gesi ya kupikia kwa bei iliyopunguzwa hadi nusu, mgao wa kila wilaya ukiwa mitungi 3,255. Kadhalika, mpango wa taifa wa majumbani wa gesi ya samadi, ulioanza mwaka 2009 chini ya usimamizi wa CAMARTEC ya Arusha, uliwalipia wafugaji sehemu ya gharama ya mtambo.

Ya nne ni mkopo nafuu, ambao hurudishwa. Wakala huo huo umetoa mikopo ya namna hiyo kwa wanaotaka kujenga vituo vidogo vya mafuta vijijini, ili petroli isiendelee kuuzwa katika chupa za plastiki. Mkopo, hata ukiwa wa riba ndogo kiasi gani, ni deni la chama na huingia katika ukomo wa madeni unaoidhinishwa kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Mwanachama asielezwe kuwa amepata msaada, kumbe amepata deni.

MAJIRANI WAMEFANYA NINI

Rwanda iliamua mwezi Aprili 2021 kuyaondolea magari ya umeme ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani. Kenya, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, iliweka pikipiki, baiskeli na mabasi ya umeme katika kiwango cha sifuri cha kodi ya ongezeko la thamani. Ethiopia ilikwenda mbali zaidi, ikakataza mwaka 2024 uingizaji wa magari ya petroli na dizeli.

Hapa yafaa ieleweke tofauti moja. Bidhaa iliyosamehewa kodi na bidhaa ya kiwango cha sifuri zote humfikia mnunuzi bila kodi hiyo. Lakini muuzaji wa bidhaa iliyosamehewa hawezi kurudishiwa kodi aliyolipa katika matumizi yake, hivyo huiongeza kimya kimya katika bei. Muuzaji wa bidhaa ya kiwango cha sifuri hurudishiwa. Kwa sababu hiyo neno "msamaha" katika tangazo si uthibitisho kwamba bei imeshuka kwa kodi yote.

HESABU YA GARI LA CHAMA

Ichukuliwe mfano wa chama chenye pikapu ya petroli inayotumia lita 200 kwa mwezi. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita, gharama ni shilingi 600,000. Kilo moja ya gesi asilia ina nishati inayokaribia lita moja na nusu ya petroli, hivyo kazi ile ile ingehitaji kiasi cha kilo 133. Kwa shilingi 1,550 kwa kilo, bei iliyokuwa ya kawaida Dar es Salaam mwaka 2024, gharama ingekuwa kama shilingi 207,000. Chama kingeokoa shilingi 393,000 kila mwezi. Ikiwa kufunga mtungi na vifaa vyake kumegharimu shilingi 2,000,000, fedha hiyo ingerudi katika muda wa miezi mitano na siku chache.

Hesabu hiyo ni ya gari linaloshinda Dar es Salaam. Bomba la gesi halifiki Lushoto, na vituo vya kujazia vimejengwa zaidi Dar es Salaam. Iwapo pikapu ya Rangwi itaweza kutumia gesi katika theluthi moja tu ya safari zake, kiasi kinachookolewa hushuka hadi shilingi 131,000, na gharama itarudi baada ya miezi kumi na mitano. Hapo bado haijahesabiwa nafasi inayochukuliwa na mtungi, ambayo ingebeba mazao.

Tena, mazao ya milimani hayabebwi na pikapu peke yake. Hubebwa na malori ya dizeli. Injini ya dizeli haina plagi za kuwashia, hivyo haigeuzwi kwa urahisi kama ya petroli: ama huchanganyiwa gesi na dizeli pamoja, ama hubadilishwa sehemu zake kwa gharama kubwa. Katibu anayeletewa bei ya kufunga gesi katika teksi asiipeleke kwenye Bodi kama bei ya lori.

Chombo cha umeme kina hesabu nyingine. Katika milima ya Usambara mzigo huteremka na gari hupanda likiwa jepesi, na injini ya umeme huweza kurudisha katika betri sehemu ya nguvu wakati wa kuteremka. Kwa safari fupi za kutoka shambani hadi mahali pa kukusanyia mazao, jambo hili lina faida. Lakini betri huchakaa, na bei ya kuibadili ndiyo itakayoamua kama chombo kilikuwa rahisi au ghali.

NAFUU ZINA MWISHO, TENA ZINA GHARAMA

Norway, iliyotangulia duniani katika magari ya umeme, iliyaondolea kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2001. Kuanzia mwaka 2023 ikaanza kuitoza tena kwa sehemu ya bei inayozidi kroni 500,000. Nchini Tanzania, mwezi Juni 2024, Serikali ilipendekeza bungeni tozo ya shilingi 382 kwa kila kilo ya gesi ya magari, na pendekezo hilo likazusha mjadala mkubwa.

Sababu yake yafaa izingatiwe na watu wa Rangwi kuliko wengine. Barabara hutengenezwa kwa tozo inayokatwa katika kila lita ya petroli na dizeli. Mwaka 2021 ziliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini. Gari la gesi au umeme hupita barabara ile ile bila kulipa tozo ya mafuta. Mkulima ambaye kabichi zake huoza mvua inapokata njia anahitaji mafuta ya bei nafuu, na pia anahitaji barabara. Nafuu njema ni ile isiyompa kimoja kwa kumnyang'anya kingine.

Funzo jingine ni la mbono. Katika miaka ya 2005 hadi 2010 zao hilo lilisifiwa kuwa mafuta ya kesho. Wilayani Kisarawe kampuni ya Sun Biofuels ilipewa zaidi ya hekta 8,000 zilizokuwa za vijiji, na mwaka 2011 shughuli zikasimama. Mafuta hayakupatikana, na ardhi haikurudi kwa wepesi ulioitoa.

KABLA YA KUPIGA KURA

Katibu na ahakikishe Mkutano Mkuu umejibiwa haya kwa maandishi: nafuu inayotajwa ni msamaha, ruzuku au mkopo, imo katika Sheria ya Fedha ya mwaka huu, ambayo kwa kawaida huanza kutumika tarehe 1 Julai, au ni ahadi ya muuzaji tu, mahali pa kujazia au kuchajia pako umbali gani kutoka chamani, fundi wa karibu ni nani, na hesabu inasimama vipi nafuu ikiondolewa mwakani. Chombo ambacho hakiwezi kujilipa bila nafuu kisinunuliwe kwa ajili ya nafuu.

Majibu hayo na yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, pamoja na lita, kilo na kilomita za kila mwezi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Chama chenye daftari la gari lake kitajua siku ambayo gesi au umeme utakuwa umefika Rangwi kwa faida, na siku hiyo hakitahitaji kushawishiwa na mtu.