Dishi Linapokosa Mawimbi

Leo tutasoma juu ya dishi la televisheni. Katika vijiji vyetu, tangu Bungu mpaka Maparoni, picha ikianza kukatika mtu husema, "Dishi limekufa," naye huanza kutafuta fedha za kununua jingine. Ngojeni kwanza. Mara nyingi dishi ni zima, ila limeacha kutazama mahali pake.

Linatazama nini? Linatazama setelaiti, chombo kilichorushwa kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta. Chombo hicho huzunguka pamoja na dunia, kwa hiyo kwetu huonekana kimesimama pale pale usiku na mchana. Setelaiti ya Azam TV iko juu ya Bahari ya Atlantiki, upande wa kisiwa cha São Tomé, mbele ya Kongo na Gaboni. Ndiyo sababu madishi yake hapa Kibiti huelekea machweo, yakipinda kidogo kaskazini. Kampuni nyingine zina setelaiti mahali pengine. Basi usiige dishi la jirani kabla ya kujua king'amuzi chake ni cha nani.

Sasa fikirini umbali huo. Dishi likigeuka digrii moja tu, huko juu limekosea kwa zaidi ya kilomita 600. Kwa hiyo anzeni na mlingoti. Ushikeni, mtikise. Ukicheza, kosa mmelipata. Udongo wa delta ni laini, na maji yakijaa mlingoti huinama polepole. Usimamisheni wima, muujengee kwa saruji na kokoto. Ukuta wa miti na udongo haufai kufungia dishi, maana hutikisika kwa upepo.

Kisha tazameni miti. Mwembe uliokuwa mdogo dishi lilipofungwa, leo huenda umeziba njia. Msidanganywe na uso wa dishi: madishi mengi hupokea kutoka juu zaidi kuliko yanavyoonekana kutazama. Kwa setelaiti hiyo ya São Tomé, mti ulio mbali na dishi kuliko urefu wake hauna neno. Ukiwa karibu zaidi, punguzeni matawi au hamisheni dishi. Mimi ningehamisha dishi kuliko kukata mnazi unaozaa.

Jambo la tatu ni kutu, hasa kwa watu wa Salale na Nyamisati, ambako upepo una chumvi. Zimeni king'amuzi na kuchomoa plagi. Fungueni mwisho wa waya ulioingia kwenye kichwa cha dishi, kile mafundi wanachokiita LNB. Shaba ya katikati ikiwa nyeusi au ya kijani, kateni kipande hicho, menyeni upya, kazeni, kisha fungeni kwa utepe wa mpira maji yasiingie.

Washeni tena, mfungue ukurasa wa king'amuzi wenye mistari miwili, nguvu na ubora. Tazameni ubora, kwa sababu nguvu yaweza kuwa kubwa hata dishi likiwa limepotea. Mmoja akae dishini, mwingine asome. Sogezeni kidogo sana, kisha hesabuni mpaka kumi, maana king'amuzi huchelewa kujibu.

Mvua kubwa nayo humeza mawimbi. Hapo msiguse kitu. Wengi hupanda juu kwenye mvua na radi, wakageuza dishi. Mvua ikikatika, picha hairudi.

Aprili 2024 mafuriko yaliingia Rufiji na Kibiti, na Mei 4 kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu karibu na Mafia. Siku kama hizo ndizo tunazohitaji habari za Mamlaka ya Hali ya Hewa, na ndizo picha hukatika. Kwa hiyo tengenezeni dishi kabla ya masika, lakini redio ya betri msiitupe.

Kazi ya darasa: kila mmoja apime kwa hatua umbali kutoka dishi la nyumbani kwake, au la jirani, hadi mti ulio mbele yake. Aandike tarakimu hizo daftarini, azilete Jumatano.