KUCHEKECHA RAMANI: MADOA YAPI YAONDOLEWE?



Siku hizi ramani za mimea hutengenezwa sana kwa picha zipigwazo na setilaiti, na kwa ramani hizo huhisabiwa eka za mikarafuu, za minazi na za msitu. Yatupasa basi sisi wenye mashamba kujua jinsi zinavyosafishwa, kwani katika kusafishwa huko shamba dogo laweza kufutika na mwenyewe asiwe na khabari.

Picha ya setilaiti imegawanyika miraba midogo iitwayo pikseli. Setilaiti za Landsat, tangu mwaka 1982, hutoa picha ambazo kila mraba wake una upana wa mita 30. Zile za Sentinel-2, ambazo ya kwanza yake ilirushwa mwaka 2015, zina miraba ya mita 10. Katika njia iliyozoeleka, kompyuta huutazama kila mraba peke yake na kuupa jina: huu mkarafuu, huu mnazi, huu nyumba. Kwa kuwa haiangalii jirani zake, hukosea hapa na pale. Kivuli cha wingu huitwa maji. Mraba ulioangukia mpakani, nusu migomba na nusu njia, hupewa jina lisilo lake. Ramani ikitoka huwa na madoadoa, kama chumvi iliyochanganyika na pilipili manga.

Dawa yake ni kuchekecha. Programu ya GDAL, ambayo hutumika pia ndani ya QGIS, huikusanya miraba yenye jina moja iliyogusana na kuihisabu kuwa kipande kimoja. Mtengenezaji wa ramani hutaja kiwango. Kila kipande chenye miraba pungufu ya kiwango hicho hunyang'anywa jina lake, kikapewa jina la jirani aliye mkubwa kuliko jirani wengine. Programu haiulizi kama doa ni kosa au ni kweli. Hutazama ukubwa tu.

Hapo ndipo penye jambo letu. Eka moja ni mita za mraba 4,047. Katika picha ya mita 10, eka moja ni miraba kama 40. Katika picha ya mita 30, ni miraba minne na nusu tu. Tuchukue shamba la eka tatu, kama yale yaliyogawiwa watu Unguja na Pemba baada ya Mapinduzi ya 1964. Kwa mita 10 lina miraba kama 121. Kwa mita 30 lina 13 hivi. Mtu akichekecha kwa kiwango cha 50, katika picha ya kwanza shamba hilo litabaki, lakini la eka moja litafutwa. Katika picha ya pili hata la eka tatu litakwenda, na likiwa limezungukwa na minazi litaandikwa minazi. Kiwango ni kile kile, illa matokeo ni mbali mbali.

Kuna na jambo la pembe. Mtu aweza kuiamuru programu kuwa miraba iliyogusana kwa pembe tu ni vipande viwili, au ni kimoja. Asipoamuru neno, programu huvifanya viwili. Basi safu nyembamba ya mikarafuu inayokwenda upande upande mlimani hukatika vipande vidogo vidogo, na vyote vikachekechwa.

Tena lipo la maradhi. Wazee wanaujua ugonjwa wa mikarafuu kufa ghafla, uliochunguzwa sana Zanzibar katika miaka ya 1940 na 1950. Miti mitatu au minne iliyokauka pamoja ni doa dogo mno katika ramani, lakini kwa mkulima ndiyo khabari yenyewe. Ramani iliyochekechwa itamwambia shamba ni zima.

Hatusemi kuchekecha ni kubaya. Ramani iliyojaa madoa haisomeki, na makosa ni makosa. Lakini sote tunajua kuwa tukichambua karafuu, makonyo hatuyatupi. Tunayaweka mbali, kwani nayo yana mafuta na yana bei. Na madoa ya ramani yatazamwe hivyo hivyo kabla ya kutupwa.

Kwa hiyo, mwanachama akiletewa ramani inayohusu shamba lake, aulize mambo haya:

1. Mraba mmoja una upana wa mita ngapi?

2. Imechekechwa kwa kiwango gani? Ajibiwe kwa eka, si kwa hisabu ya miraba. Kiwango hapana budi kiwe kidogo kuliko shamba dogo kabisa linalotakiwa lionekane.

3. Ramani ya kabla ya kuchekechwa imewekwa wapi? Kuchekecha hakurudishiki, khasa ikiwa ramani mpya imeandikwa juu ya ile ya zamani.

4. Eka zilizotajwa zimehisabiwa kabla au baada ya kuchekecha, na nani amekwenda shambani kuzihakikisha?

5. Ikiwa ramani ni ya kutafuta miti iliyokufa, kwa nini imechekechwa?

Na wapimaji wakifika, tufuatane nao tuwaoneshe mipaka na miti kwa macho. Setilaiti iko mbali. Mwenye shamba yuko karibu.