ZAO MOJA, NJIA MBILI ZA KILIMO: WAJIBU WA KUTENGANISHA MAZAO YENYE CHETI

Korosho na ufuta ni mazao ya biashara yanayotegemewa katika Kata ya Lionja, Wilayani Nachingwea, na katika Wilaya jirani ya Ruangwa, Mkoani Lindi. Katika maeneo kama haya, mkulima huweza kuwa na mashamba mawili ya zao moja: la kwanza limethibitishwa kuwa la kilimo hai, na la pili hulimwa kwa njia ya kawaida. Maelezo haya yanatolewa ili watumishi wa ugani, watendaji wa vyama vya ushirika na wananchi wafahamu masharti ya hali hiyo.

Ufuta wa mashamba hayo mawili ukimiminwa kwenye turubai moja, hakuna jicho liwezalo kuutofautisha. Cheti hutolewa kwa kuangalia shamba, pembejeo zilizotumika, njia ya kuvunia na kumbukumbu zilizowekwa. Kumbukumbu zikipotea, thamani ya cheti nayo hupotea.

Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana juu ya kiwango cha pamoja cha mazao ya kilimo hai mwaka 2007, na alama yake ni Kilimohai. Kwa mazao yanayopelekwa Umoja wa Ulaya, kanuni iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari, 2022 ni kali zaidi. Chini ya kanuni hiyo, mkulima haruhusiwi kulima kwa njia zote mbili aina ya ufuta isiyotofautishika kwa urahisi. Mikorosho, kwa kuwa ni miti ya kudumu, imepewa nafuu: mkulima anaweza kubadilisha mashamba yake kwa awamu, alimradi awe na mpango unaokamilika katika muda usiozidi miaka mitano. Katika kipindi hicho, mkaguzi hana budi kuarifiwa saa 48 kabla ya kila mavuno kuanza, na baadaye apewe kiasi kilichovunwa.

Ugumu mkubwa kwa korosho umo katika dawa. Salfa ya unga, inayotumika dhidi ya ubwiriunga, imo miongoni mwa vitu vinavyokubalika katika kilimo hai, iwapo ni salfa tupu na taasisi ya uthibitishaji imeiridhia. Viuatilifu vya maji vya viwandani havikubaliki. Katika misimu ya karibuni, pembejeo za ruzuku za aina zote mbili zimegawiwa wakulima kupitia Bodi ya Korosho Tanzania. Mwenye mashamba mawili hupokea dawa zote, na bomba lililotumika katika shamba la kawaida likiingizwa bila kusafishwa katika shamba lenye cheti, hilo huwa kosa. Aidha, upepo huweza kuhamisha dawa kutoka shamba la jirani. Ndiyo maana mpaka wa kinga huhitajika.

Hatari nyingine huanza baada ya mavuno. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, korosho hupangwa kwa madaraja ya ubora. Daraja la kwanza halielezi zao limelimwaje. Hivyo basi, mzigo wenye cheti usipowekewa magunia yenye alama, sehemu yake ghalani na hati zake tangu chama cha msingi, utauzwa kama korosho nyingine zote, na gharama za ukaguzi zitakuwa zimepotea bure.

Ieleweke pia kwamba wakulima wadogo huthibitishwa kwa vikundi. Chini ya kanuni ya Ulaya, kikundi hakiwezi kuzidi wanachama 2,000, nacho hutakiwa kuwa na usimamizi wa ndani. Udhaifu mkubwa wa usimamizi huo huweza kukiondolea kikundi kizima cheti chake. Gunia moja lililochanganywa kwa siri na mtu mmoja linaweza kuwagharimu majirani waliofuata masharti yote.

Kwa hiyo, mwenye mashamba ya namna mbili anatakiwa kuyaorodhesha yote mbele ya kikundi, likiwemo lile lisilo na cheti. Kulificha shamba la kawaida ni kosa zito kuliko kuwa nalo.

Tahadhari hizi zinawahusu vilevile wakulima wa viungo wa Unguja na Pemba wanaokusudia kuuza mazao yenye cheti. Wananchi wanashauriwa kuwaona maofisa ugani wa maeneo yao kabla ya msimu wa kupulizia dawa kuanza.