Kumtambua Konokono wa Minyoo ya Maini

Mfugaji wa nyanda za juu aweza kudhani kwamba minyoo ya maini ni ugonjwa wa mabondeni, na kwamba baridi ya milimani huuzuia. Dhana hiyo si sahihi, nayo huwagharimu wafugaji maziwa na nyama.

Minyoo hiyo ni ya aina mbili, na kila moja ina konokono wake. Fasciola gigantica hukulia ndani ya Radix natalensis, akaaye katika maji ya sehemu zenye joto. Fasciola hepatica hukulia ndani ya Galba truncatula, konokono mdogo mno ambaye kwa kawaida hapiti milimita 10. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba minyoo ya ng'ombe wa shamba la Kitulo ilikuwa hepatica, na konokono huyo mdogo alipatikana huko huko juu. Sehemu za chini zilikuwa na gigantica. (Kitulo imo Makete, wilaya iliyokuwa ya Mkoa wa Iringa hadi Njombe ilipofanywa mkoa mwaka 2012.)

Kumtambua hakuhitaji mitambo. Gamba lishikwe ncha ikiwa juu na mdomo ukimwelekea mtazamaji. Mdomo ukiwa kushoto, huyo si wa maini. Huenda ni Bulinus, ambaye baadhi ya jamii yake hueneza kichocho kwa watu, kwa hiyo asishikwe kwa mikono mitupu ndani ya maji. Gamba bapa kama sarafu nalo ni la jamii nyingine ya kichocho. Mdomo ukiwa kulia, tena hauna kifuniko, hapo pana shaka. Radix ana tumbo pana na ncha fupi. Galba ana mizunguko iliyopandana kama ngazi. Huyu asitafutwe kilindini, bali kwenye tope la ukingoni, penye nyayo za ng'ombe na mifereji inayovuja. Hapo ndipo mabuu hutoka na kushika majani yaliwayo na mifugo.

Liko jambo la dawa. Levamisoli, itumikayo kwa minyoo ya tumbo, haiui minyoo ya maini. Albendazoli huua iliyokomaa tu. Triklabendazoli huua hata michanga. Kamati inunuapo dawa kwa fedha za wanachama sharti isome jina la dawa yenyewe, si maneno "dawa ya minyoo" yaliyoandikwa juu ya chupa.