Bangili Nne na Datsun Moja

Mwanetu wa mwisho, aliyeoa Shawwal iliyopita, alitujia juzi na picha ya gari ndani ya simu yake, akataka rai yetu. Tulitazamana. Kabla ya kuuliza bei, tulimuuliza fedha ni za nani. Akacheka, asijibu.

Ndugu wasomaji, gari letu la kwanza lilikuwa Datsun 120Y ya rangi ya maziwa, tuliyoinunua Mombasa mwaka 1988 ikiwa imekwisha kupita mikono mitatu. Mshahara wa karani haukutosha. Kilichotimiza bei ni bangili nne za dhahabu, mahari ya bibi, alizozivua mwenyewe na kuzipeleka kwa sonara. "Nakukopesha," alimwambia bwana. Mahari ni mali ya mke. Sheria haina utata hapo. Hata hivyo deni lile hatukuliandika. Tulikuwa wachanga katika ndoa, na kuandikiana tulikuona kama kutoaminiana.

Tulilipenda gari lile kupita kiasi. Jioni lilitupeleka Mama Ngina kula mihogo, na bwana aliliosha kila alfajiri baada ya sala.

Idd-ul-Fitri ya 1989 iliangukia Mei, katikati ya masika. Siku ya Idd pili tulishika njia ya Malindi kwa wazazi wa bibi, sufuria ya biriani mapajani mwake. Zama hizo Kilifi haikuwa na daraja. Magari yaliteremka Mnarani kungojea feri, na aliyeikosa alikaa foleni akahesabu saa. Tulipofika juu ya mteremko tuliiona feri ingali ikipakia. Bibi alisema, "Twende pole." Bwana anakumbuka kwamba alipunguza mwendo. Bibi hakumbuki hivyo, na mpaka leo hatujaafikiana.

Breki ilikanyagwa, ikazama mpaka chini. Mbele yetu walisimama watu, watoto wenye nguo za sikukuu miongoni mwao. Bwana alikata usukani kushoto, tukaruka mtaro na kuupiga mbuyu. Mwenyezi Mungu alisitiri, hakuguswa mtu. Bibi alipasuka paji la uso. Wauza korosho ndio waliomtoa, mmoja akamfunga jeraha kwa kitambaa chake, na biriani ikabaki kutapakaa kwenye viti.

Usiku ule, Malindi, bwana alisema alilolificha. Fundi alikuwa amemwonya majuma mawili kabla kwamba breki zinavuja mafuta. Fedha ya kuzitengeneza aliinunulia redio ya kaseti. Bibi alinyamaza kitambo. "Ungeniambia," alisema, "tungepanda basi." Hakupaza sauti. Angeipaza ingekuwa nafuu.

Bima yetu ilifidia watu wengine tu, si gari lenyewe, na Datsun iliuzwa kama chuma chakavu. Baba mkwe hakutukemea. Aliagiza daftari la shule, akachana karatasi, akataka deni liandikwe: bangili nne, na uzito wake kwa tola. Mashahidi wawili wakatia sahihi.

Bangili ya kwanza ilirudi baada ya mwaka. Ya nne ililipwa 1994, daraja la Kilifi likiwa na miaka mitatu tangu lifunguliwe. Karatasi tungali nayo. Juzi tulimpa mwanetu, akaisoma mara mbili, akaiweka simu mezani, akatoka kwenda kumwita mkewe.